Nani Anamsogeza Nani? Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Ubosi kwa Nafasi na Mwendo Katika Sini ya Vichekesho

Zima sauti ya filamu yoyote ya vichekesho, tazama dakika mbili, kisha jiulize nani mkubwa mle ndani. Sini iliyopangwa vizuri inakujibu papo hapo: yupo anayepita na yupo anayepisha, yupo aliyetulia na yupo anayehangaika. Sini iliyopangwa vibaya inakuonyesha watu wawili wamesimama wanatazamana, midomo inacheza, na mzigo wote wa kuchekesha wamebebeshwa maneno.

Mwongozo huu ni wa mwongozaji mwenye skripti fupi mkononi, waigizaji wawili watatu na chumba kimoja. Vifaa ni vichache: tepu ya karatasi ya kubandika sakafuni, karatasi ya kuchorea ramani ya chumba, futi kamba, na subira ya kufanya mazoezi bila maneno. Swali tutakalokuwa tunaliuliza kila hatua ni moja: nani anamsogeza nani? Cheo kinaandikwa mlangoni, lakini ukubwa ndani ya fremu unaonekana kwa yule anayewafanya wenzake wasogee, wangoje, wainame au wazunguke kwa ajili yake. Kicheko kinaanza pale cheo kinaposema hivi na miili inasema vile.

Hatua ya 1: Tenganisha cheo na nguvu

Igawe karatasi safu mbili. Safu ya kwanza andika cheo cha kila mhusika: meneja, karani, msafishaji. Safu ya pili andika nguvu aliyonayo ndani ya dakika hizi tatu za sini tu: anajua nini ambacho wenzake hawakijui, ameshika nini wanachokitaka, anaweza kumzuia nani asipite. Kama safu zote mbili zinafanana kuanzia mwanzo hadi mwisho, rudi kwenye skripti kabla hujaita waigizaji, maana ulichonacho ni kikao cha ofisi.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa uwazi mkubwa ni Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo ya papo kwa papo aliyefanya kazi London kabla ya kuhamia Kanada. Katika kitabu chake Impro cha mwaka 1979, anaichukulia hadhi kuwa kitendo: mtu anaicheza kwa mwili na sauti, na anaweza kuicheza tofauti kabisa na cheo chake. Pia anasema wahusika wawili wako kwenye bembea ya ubao, mmoja akishuka mwenzake hupanda hata kama hakufanya lolote. Kwa mwongozaji hii ni nafuu kubwa. Ukitaka karani apande, huna haja ya kumwandikia maneno ya kishujaa. Mshushe meneja kidogo, karani atajikuta juu.

Tujenge sini moja hatua kwa hatua ili maelezo yasielee hewani. Meneja yuko ofisini kwake. Karani anaingia kuomba likizo, ameshika barua inayongoja saini. Katikati ya maombi, mama msafishaji anaingia na ndoo ili apige deki. Kwa cheo, mama huyu ni wa mwisho kati ya watatu. Kwa nguvu, sakafu yote ni yake, na hakuna binadamu atakayetoka mle ndani bila kuikanyaga.

Hatua ya 2: Chora chumba, kisha kigawe

Chora chumba kikionekana kutoka juu. Weka mlango, dirisha, meza, viti, kabati. Halafu chukua kalamu za rangi na upake himaya ya kila mtu. Meza na kila kilicho nyuma yake ni ya meneja. Kiti cha mgeni hakina mwenyewe. Mlango ni wa yule anayeweza kuufungua bila kubisha. Ukimaliza utagundua kwamba karani hana hata sentimita moja ya kwake. Anasimama kwenye ardhi ya watu. Hapo umeshapata nusu ya uigizaji wake bila kumwelekeza.

Sasa vipimo. Kaa kwenye kiti cha kawaida cha ofisini, ambacho kalio lake huwa kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Kata sentimita 5 hadi 7 kwenye miguu ya kiti cha mgeni, au tafuta kochi linalozamisha, na umwinue meneja kwa kiasi hichohicho. Usizidishe. Mtazamaji asikione kiti kama kichekesho mara ya kwanza. Aone tu karani ameinua kidevu na magoti yake yamepanda juu kuliko alivyotarajia. Kiti kifupi kupita kiasi kinamaliza utani mapema, na hakikuachii pa kupandia.

Somo zuri la viti liko katika filamu ya The Great Dictator ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1940. Mshauri wa dikteta Hynkel anapanga kumdhalilisha Napaloni, mgeni wa bosi wake, kwa chumba chenyewe: atembee mwendo mrefu toka mlango wa mbali, kisha akalishwe kwenye kiti kifupi ili amtazame mwenyeji kwa kuinua macho. Mpango umekamilika kwenye karatasi. Napaloni anaingia kwa mlango wa nyuma ya Hynkel, anampiga bonge la kofi la kirafiki mgongoni, na alipoona kiti hakimfai anapanda kukaa juu ya meza. Baadaye wawili hao wako kwenye viti vya kinyozi vinavyopanda kwa mkono, kila mmoja akijiinua apate kumzidi mwenzake, huku wakijifanya hawashindani. Angalia mpangilio: kwanza tunaambiwa sheria za chumba, kisha mtu anazivunja bila hata kujua zilikuwepo. Usipoonyesha sheria kwanza, kuzivunja hakuchekeshi mtu.

Chumba kinaweza pia kumdogosha mtu hata kabla ya mwingine kuingia. Kwa filamu ya The Apartment ya Billy Wilder (1960), mbunifu wa seti Alexandre Trauner alitengeneza ukumbi wa ofisi unaoonekana hauna mwisho: meza zinazidi kuwa ndogo kadiri zinavyokwenda nyuma, na wanaozikalia kule mbali ni watu wadogo wa umbo. Ukiwa na chumba kidogo, mbinu hiyo inakubaliana nawe. Makabati ya nyuma yawe mafupi kuliko ya mbele, na kamera itakuamini.

Hatua ya 3: Pima umbali kwa futi kamba

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu watu na nafasi, aligawa umbali kati ya watu katika kanda nne. Ya karibu kabisa inaishia kama sentimita 45. Ya marafiki inakwenda hadi mita 1.2. Ya shughuli za kikazi inafika mita 3.6, na zaidi ya hapo ni umbali wa mhadhara na jukwaa. Vipimo vyake vilitokana na Wamarekani, naye mwenyewe alisisitiza kwamba jamii hutofautiana, kwa hiyo usivifanye sheria. Vitumie kama alama za tepu sakafuni za kuanzia mazoezi.

Kanuni ya kuchekesha hapa ni rahisi: mpe mhusika mazungumzo ya kanda moja kisha umsimamishe kwenye kanda nyingine. Maneno ya kikazi yakisemwa kwa sentimita 30, pua kwa pua, yanachekesha. Siri ya mapenzi ikisemwa kwa mita nne, hivyo kwamba lazima mtu apaze sauti, inachekesha zaidi.

Katika sini yetu, weka kiti cha mgeni mita 3 kutoka mezani. Meneja anasema, "Kaa." Karani anakitazama kiti, anaitazama meza. Akikaa palepale atakuwa kama mtuhumiwa mbele ya baraza. Akikivuta, atakuwa amegusa mali ya ofisi bila ruhusa. Anakivuta. Kinapiga kelele sakafuni. Meneja anainua jicho moja. Karani anaacha kiti palepale kilipofikia, mita 2 hivi, na kukaa katikati ya chumba pasipo na meza wala ukuta wa kuegemea, barua mapajani. Hakuna neno la utani lililosemwa.

Hatua ya 4: Amua nani anatembea na nani ametulia

Mkubwa hatembei mpaka atake. Mdogo anatembea kwa sababu ameitwa, amefukuzwa, au hajui aweke wapi mikono. Kutoka hapo yanatoka mambo ya kumwelekeza mwigizaji, na ni vizuri uyaseme kwa lugha ya mwili badala ya kumwambia "onyesha woga" au "kuwa bosi".

Kichwa kwanza. Johnstone alikuwa akiwaambia waigizaji wake wasitikise kabisa kichwa wanapozungumza, na mara moja walionekana wakubwa. Mjaribishe meneja wako: aseme sentensi tatu bila kichwa kusogea wala kope kupepesa ovyo. Kisha karani aseme zilezile huku akigusa uso, akitingisha kichwa kila neno la pili. Tofauti inaonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Njia inayofuatwa nayo inasema. Mkubwa anakata chumba kwa mstari ulionyooka, na vitu vinampisha. Mdogo anazunguka pembeni, anafuata ukuta, anapita nyuma ya viti. Mchezeshe karani njia ndefu kutoka mlangoni mpaka mezani hata kama katikati hakuna kitu. Kisha mama msafishaji aingie na apite katikati moja kwa moja, ndoo mkononi, bila kupunguza mwendo. Watazamaji watamjua kabla hajasema.

Mwendo ulioanza ukakatizwa una thamani kubwa kuliko mwendo kamili. Mtu anayeinuka nusu kisha anakaa, anayenyoosha mkono wa kusalimia kisha anaugeuza kuwa wa kukuna shingo, anayepiga hatua mbili na kurudi moja: huyo ameshushwa na mtu ambaye pengine hata hakumtazama. Mwongozaji Mfaransa Jacques Tati alilifanya hili kwa ustadi katika filamu yake Playtime (1967). Bwana Hulot anangoja ofisa ambaye nyayo zake zinasikika zikija kutoka mwisho wa korido ndefu mno. Hulot anainuka mapema, bawabu mzee anamwashiria akae, maana ofisa bado yuko mbali. Nyayo zinaendelea, zinaendelea, na kamera haikatwi. Aliye mkubwa pale ni korido, na Tati anatungojesha sisi pamoja na Hulot.

Kuhusu kasi nitasema kidogo tu. Wengi hudhani vichekesho ni haraka. Haraka ni ya mdogo. Ukiona sini yako inachosha, kabla ya kuwaharakisha wote, jaribu kumpunguza kasi mmoja.

Jambo la mwisho hapa ni mgongo. Kumpa mtu mgongo ni kumwambia huna cha kumwogopa. Meneja akimpa karani mgongo na kutazama dirishani, tumeelewa. Lakini mama msafishaji akimpa meneja mgongo, naye meneja akalazimika kuusemesha, umeshapata kichekesho, na umekipata bure.

Hatua ya 5: Panga migeuko

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo skripti nyingi fupi hufeli. Mwandishi ana mgeuko mmoja mwishoni, na kabla ya hapo kila mtu amekaa mahali pake. Sini ya dakika tatu inahitaji ukubwa uhame mara nne au tano, kila mara kwa kitendo kinachoonekana. Andika kila mgeuko kwa mstari mmoja, na mstari huo uwe na kitenzi cha mwili: anainua, anavuta, anapita, anafunika. "Anagundua" na "anajisikia" havipigwi picha.

Sini yetu inakwenda hivi.

Karani yuko kwenye kiti chake kilichoachwa katikati. Meneja anazungumzia nidhamu, hatikisi kichwa. Mlango unafunguka bila kubishwa. Mama anaingia, anapita kwa mstari ulionyooka, anaweka ndoo, na kuanza kudeki kuanzia nyuma ya meza ya meneja, kwa sababu yeyote anayejua kupiga deki huanza ndani akatokea mlangoni. Meneja anaendelea na hotuba. Fagio la kudekia linafika viatuni.

"Miguu, mwanangu."

Hapo ndipo pa kwanza ukubwa unapohama, na neno moja limesaidia: kwa cheo yeye ni mkuu, kwa umri ni mwana. Meneja anainua miguu. Haachi kuzungumza. Mpe mwigizaji sharti moja tu: hotuba iendelee kana kwamba hakuna lililotokea, wakati misuli ya tumbo inatetemeka kwa kushikilia miguu hewani. Sauti itabana yenyewe, usimwambie aibane. Mwigizaji akijaribu kuchekesha hapa, ataharibu. Anatakiwa apigane kufa na kupona kubaki bosi.

Mgeuko wa pili: mama anamfikia karani, anamgusa bega, karani anasimama. Mama anachukua kile kiti cha mgeni, anakipindua na kukiweka juu ya meza ya meneja, kalio la kiti likilala juu ya mafaili. Angalia ramani uliyochora Hatua ya 2. Himaya ya meneja imevamiwa, na aliyeivamia hakuomba radhi kwa kuwa hakuona kosa. Sasa karani amesimama, meneja amekaa miguu juu, na kati yao kuna miguu minne ya kiti inayomlazimu meneja kupinda shingo huku na huku atafute uso wa mtu anayemkaripia. Kile kichwa kisichotikisika kimeanza kuhangaika. Karani hajafanya lolote ila kusimama alipoambiwa.

Wa tatu: mama anadeki kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na karani, kila anapopiga hatua kukwepa maji, anasogezwa naye. Wanafika mlangoni. Wao wako pakavu. Meneja yuko upande wa pili wa mita 5 za sakafu inayong'aa. Anajaribu kushusha mguu mmoja.

"Hapakanyagwi mpaka pakauke."

Mguu unarudi juu.

Wa nne: karani anakumbuka barua. Anainyanyua kidogo, kwa adabu ileile ya mwanzo. Meneja anataka kumaliza haya yote haraka, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayeitaka barua. Haiwezi kufika. Wote watatu wanaitazama sakafu. Mama anaichukua barua, anaibandika kwenye ncha ya mpini wa fagio, ananyoosha. Meneja anajipinda juu ya meza, anapita katikati ya miguu ya kiti, anatia saini akiwa ameshikilia pumzi. Mpini unarudi. Karani amepata likizo yake na hakuwahi kumaliza sentensi ya kuiomba.

Wa tano uwe mfupi: simu ya meneja, ambayo tuliiona juu ya kabati karibu na mlango tangu picha ya kwanza, inalia. Mama na karani wanaitazama. Wanamtazama meneja. Wanafunga mlango.

Pitia tena migeuko hiyo na uulize swali letu kwa kila mmoja. Hakuna hata pale ambapo mtu alianguka. Kuteleza kwenye maji ndilo wazo la kwanza litakalomjia kila mtu kwenye timu, na kila siku ya kushuti atakuwepo wa kulipendekeza. Kataa. Meneja akianguka, tunacheka mara moja na sini imeisha. Akibaki juu, kila sekunde inamgharimu. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi aanguke mwenye cheo, wala usimwangushe karani. Aliye chini tayari hana pa kuangukia, na watazamaji wataanza kumhurumia wakati unataka wacheke.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi bila maneno

Bandika tepu sakafuni kwa vipimo vya ramani yako, hata kama mazoezi mnayafanyia uwanjani. Kisha pitisha sini nzima kimya. Mwite mtu asiyejua hadithi, akae pale kamera itakapokuwa, akisha kuona mwulize maswali mawili: nani alikuwa mkubwa mwanzoni, na alipoteza ukubwa saa ngapi? Akikosea la pili, mgeuko wako haujaonekana. Usimweleze. Badili mwendo, rudia.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la karata. Mpe kila mwigizaji karata kuanzia 1 hadi 10 asiwaonyeshe wenzake, 10 ikiwa ndiyo hadhi ya juu, na waicheze sini kwa hadhi ya namba hiyo badala ya cheo. Karani akipata 9 na meneja akipata 3, utaona vitu ambavyo hukuwa umeviwaza: meneja anayeomba ruhusa ya kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, karani anayeegemea fremu ya mlango kama mwenye nyumba. Chukua kimoja, viwili, utie kwenye sini yako.

Wape pia tofauti za namba zilizo karibu. Nane dhidi ya mbili inaeleweka upesi lakini inachosha upesi vilevile. Sita dhidi ya saba, yaani watu wawili wanaogombania sentimita moja ya meza, wanaweza kukufikisha mbali. Mmoja anaweka kikombe, mwenzake anaweka faili mbele ya kikombe, wa kwanza anahamisha kikombe juu ya faili. Zoezi hilo la vitu mezani lifanyeni mpaka mikono ijue njia yenyewe, kwa sababu siku ya kushuti mwigizaji anayetafuta kikombe kwa macho ameshauvujisha utani.

Hatua ya 7: Weka kamera pale uhusiano unapoonekana

Ukubwa ni jambo la kati ya watu, kwa hiyo fremu inayofaa ni ile yenye wote wawili ndani yake, toka kichwani hadi miguuni. Ukimpiga picha ya karibu meneja peke yake akiwa ameinua miguu, tumepoteza miguu. Ukimpiga miguu peke yake, tumepoteza uso unaojifanya hakuna kitu. Anza na picha pana, na ushawishike kuiacha ndiyo picha kuu ya sini. Picha za karibu zitumike kwa kitu kinachohitaji kusomwa: saini, barua kwenye ncha ya mpini, jicho moja linaloinuka.

Kimo cha kamera kina mazoea yake: ukimpiga mtu picha kutoka chini anaonekana mkubwa, kutoka juu anaonekana mdogo. Katika vichekesho mazoea hayo yanafaa zaidi yakigeuzwa. Mpige meneja kutoka chini, kwa fahari zote, katika sekunde ileile anayoambiwa ainue miguu. Picha inamtukuza, mwili unamwumbua. Ukimpiga kutoka juu wakati huo, unakuwa umesema jambo moja mara mbili.

Lenzi nayo inabadili umbali. Lenzi pana, tuseme milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, inavuta chumba kuwa kirefu, na zile mita 5 za maji zitaonekana bahari. Lenzi ndefu ya milimita 85 inabana watu pamoja. Itumie mwanzoni kama unataka kile kiti cha mgeni kionekane kimekaribia, kisha upanue ghafla tuone ukweli. Lakini usizichanganye kiholela ndani ya mgeuko mmoja, kwa maana mtazamaji anapima umbali kwa jicho, na ukimchanganya hatajua kama mguu wa meneja ungefika pakavu au la.

Kuhusu mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili: kamera ibaki upande mmoja wake mpaka mama aingie. Anapoupita mstari huo kwa miguu, kamera ivuke naye. Meneja aliyekuwa akitazama kulia sasa anatazama kushoto, na chumba kimegeuka bila kumwambia mtu.

Tumia pia vitu vilivyopo. Mlango ni fremu ndani ya fremu. Kiti kilichopinduliwa mezani kinakata uso wa meneja vipande vinne, basi sogeza kamera mpaka ukikate vizuri. Na acha nafasi tupu katika fremu upande ambao mtu ataingilia, ila isiwe kubwa hivyo kwamba watazamaji wote wameshaanza kuutazama mlango.

Hatua ya 8: Hariri kwa miguu

Uhariri wa kwanza ufanye sauti ikiwa imezimwa. Kila unapotaka kukata, jiulize kama kuna mwendo umeanza na haujafika. Ukikata katikati ya safari ya karani kutoka mlangoni hadi kitini, umempa msaada asiostahili; safari yenyewe ndiyo adhabu yake. Mwendo wa mdogo uache mzima. Wa mkubwa unaweza kuufupisha, kwa sababu watu wakubwa hufika.

Baada ya kila mgeuko acha fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, nane hadi kumi na mbili zaidi ya unavyodhani zinatosha. Hapo ndipo mtazamaji anapolinganisha picha aliyoiona mwanzo na anayoiona sasa. Ukiwahi kumwonyesha uso wa mtu anayeshangaa, unamfanyia kazi yake, na ataacha kuifanya.

Ukisharudisha sauti, anza na nyayo kabla ya mazungumzo. Viatu vya meneja viwe na mlio mzito kwenye sakafu kavu mwanzoni mwa sini, anapokwenda kitini kwake. Kandambili za mama ziwe na mlio wake, wa taratibu, usiobadilika kasi toka anapoingia hadi anapotoka. Karani asisikike kabisa mpaka atakapovuta kiti. Kisha, kwa muda wote ambao miguu ya meneja iko juu, utakuwa na kitu ambacho huhitaji kukitengeneza: viatu vizito visivyo na mlio. Ule mlio wa maji ya ndoo uupandishe kidogo kila mama anapochovya fagio, na simu iwekee mlio wa kizamani, mrefu, unaoanza kabla mlango haujafungwa na kuendelea hadi fremu imekuwa nyeusi.